Mwendo wa Kocha, Ulimi wa Dada Yake

Wagonjwa walimwita Usipumue. Hata wauguzi waliomwamkia asubuhi kwa heshima zote, akishawapa kisogo walimwita hivyo hivyo. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amesimama nyuma ya kioo kinene cha chumba cha eksirei akiwaambia watu neno hilo moja, "Usipumue," na baada ya mlio wa mashine, "Pumua," kwa sauti ya mtu anayetoa ruhusa asiyoipenda.

Alikuwa mwanamke mfupi, mabega mapana kwa kubeba aproni nzito ya risasi, miwani imening'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Aliachika mapema, na alipenda kusema kwamba talaka ndiyo zawadi pekee ya maana aliyowahi kupewa na yule bwana. Katika chumba chake cha eksirei kulikuwa na kiti kimoja tu, maana hakutaka mgonjwa aingie na ukoo mzima.

Dharau ilikuwa kazi yake ya pili, na kusema kweli aliifanya kwa bidii kuliko ya kwanza. Aliwadharau walioteleza kwenye ngazi wakasema wamesukumwa. Aliwadharau wanaume wenye vifua kama milango waliotoa machozi kwa kidole kimoja. Lakini waliokaa kileleni kabisa mwa dharau yake walikuwa wakimbiaji.

"Mbwa hakukufukuza, wala basi la abiria halikukuacha," aliwaambia huku akiwapanga miguu juu ya bamba la picha. "Sasa ulikuwa unakimbia nini?"

Yeye mwenyewe alikwenda kazini kwa baiskeli, lile dude jeusi lenye kikapu mbele, kilomita saba kwenda na saba kurudi, mvua na jua. Ukimwambia kwamba hayo nayo ni mazoezi, angekusonya. Alikuwa anakwenda kazini. Mazoezi, kwa maoni yake, ni ya watu wasio na pa kwenda.

Na kama kumkomoa, Mungu alimpa mdogo wake wa kiume ambaye mtaa mzima ulimwita Kocha.

Ujanani Kocha alikuwa bingwa wa mbio za baiskeli. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha magunia, zamu ndefu, na kwa siku alibakiwa na saa moja tu ya mazoezi. Wenzake waliokuwa na nafasi waliendesha baiskeli saa nne, saa tano, polepole, wakipiga soga njia nzima. Yeye saa hizo hakuwa nazo. Basi akajitungia dawa yake: kila siku, saa nzima, mwendo ambao si wa kupiga soga na si wa kufa. Mwendo wa kati. Ukiulizwa jambo, unajibu maneno matatu, unavuta pumzi. Kwa mwendo huo aliwashinda watoto wa wenye nacho mara nyingi, na tangu hapo aliuamini kama watu wanavyoamini dini.

Baiskeli za mashindano zilipopanda bei na klabu yao ikafa, Kocha hakukaa kushika tama. Akafungua klabu ya kukimbia, nyuma ya karakana ya seremala, katika chumba kilichokuwa stoo ya mbao. Ukutani alitundika kipande cha boksi chenye siku sita za juma, na mbele ya kila siku aliandika kwa wino mwekundu neno lile lile: KATI. Jumapili: PUMZIKA.

"Miaka kumi na mmoja ukuta mmoja, neno moja," Usipumue alisema siku ya kwanza alipoingia mle. "Hata kasuku ana maneno mawili."

Kocha alicheka. Alikuwa amezoea. Ukiwa umelelewa na dada wa namna ile, ngozi inakuwa ngumu au unahama mji.

Kocha alikuwa na binti mmoja, na watu walimwita Nyoya, kwa jinsi alivyokuwa akikimbia: ungesikia pumzi yake lakini si miguu yake. Alikuwa na miaka kumi na tisa, akishona sare za shule kwenye duka moja karibu na stendi, na jioni akikimbia na klabu ya baba yake. Jumapili alikwenda kwa shangazi yake kumfulia mashuka na kusikiliza matusi ya wiki nzima. Hakuna aliyemchekesha Nyoya kama shangazi yake, na hakuna aliyemtia hofu kama yeye.

Mwaka ule Nyoya aliuanza vizuri. Kilomita kumi alizokuwa akizimaliza kwa dakika arobaini na mbili, ndani ya miezi miwili alizishusha hadi thelathini na tisa na nusu. Kocha alivimba kichwa, akawaonyesha watu saa yake mpaka wakaanza kumkwepa. Halafu dakika zikagoma kushuka. Wiki moja, mbili, tatu, Nyoya yuko pale pale, na kila Jumatatu anafika kiwanjani na macho ya mtu asiyelala.

"Umelegea," Kocha alimwambia. "Kaza."

Akakaza. Siku sita kati ya saba, mwendo wa kati, na ule wa kati nao taratibu ukawa unasogea juu, kwa sababu hakuna mkimbiaji anayekubali kupitwa na mwenzake mbele ya kocha.

Jumapili moja Nyoya alikuwa akishuka ngazi za nyuma kwa shangazi yake na beseni la mashuka, akawa anashuka upande upande, mguu wa kushoto akiutua kama anayejaribu maji ya moto.

"Shangazi, mguu huu..." alianza.

"Tazama unavyoshuka," Usipumue alimkatiza. "Kama bibi harusi aliyekanyaga gauni! Ndiyo faida ya kukimbia bila kufukuzwa hiyo. Kesho utaniambia pua nayo inauma kwa kupumua."

Nyoya alicheka. Akanyoosha mgongo, akashuka ngazi tatu zilizobaki wima kabisa, akaenda kuanika mashuka. Hakuusema tena mguu.

Ikapita karibu mwezi. Jumanne moja kabla ya saa sita mchana, karatasi ilipitishwa kwenye dirisha dogo la chumba cha eksirei: ugoko wa kushoto, maumivu wiki nne, mwanamke, miaka kumi na tisa. Usipumue hakuwa na tabia ya kusoma majina. "Mwingine huyo asiye na pa kwenda," alijisemea, akaita, "Ingia!"

Aliingia Nyoya, ameshikilia ukuta.

"Shikamoo, shangazi."

Usipumue alisahau kuitikia. Alimwelekeza kitandani kwa kidole, akamwekea mguu sawa na kuushika kifundo kwa mikono miwili, jambo ambalo wagonjwa wengine hawakuwahi kufanyiwa. Akaenda nyuma ya kioo. Neno lake la miaka ishirini na sita lilimkwama, akabonyeza bila kulisema. Mguu ulicheza, picha ya kwanza ikabidi irudiwe.

Ya pili ilitoka safi. Kando ya mfupa wa ugoko kulikuwa na kivimbe cheupe kama ukungu, na ndani yake mstari mwembamba, mlalo, si mrefu kuliko ukucha. Mfupa haukuwa umevunjwa na kitu. Ulikuwa umechoka. Uligongwa na kugongwa, ukawa unajiunga mchana na kugongwa tena jioni, mpaka ukapasuka.

Kwa utaratibu wa kazi, mpiga picha hasemi alichokiona. Anayesema ni daktari. Usipumue alikuwa na mdomo wa kila kitu, lakini utaratibu huo hakuwahi kuuvunja. Alitoka nyuma ya kioo, akakaa kwenye kile kiti kimoja.

"Wiki nne," alisema. "Mimi ninaishi na mifupa, mtoto wewe. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia, shangazi."

"Lini?"

"Kwenye ngazi. Ukasema bibi harusi." Nyoya alitazama dari. "Nikajua nikirudia utanicheka. Baba naye angesema nimelegea. Nikaona bora nikimbie tu."

Alilisema bila lawama, kama mtu anayeeleza kwa nini alipitia barabara ya juu na si ya chini. Hilo ndilo lililomkata Usipumue. Angelaumiwa angekuwa na la kujibu.

Daktari aliandika wiki nane bila kukimbia. Usipumue aliichukua ile karatasi, akapanda ghorofa ya pili kwenye chumba cha mazoezi ya viungo, kwa mtu ambaye kwa miaka mingi alimdharau kwa utulivu: bwana mmoja mpole mwenye mvi, aliyewavutisha wagonjwa mikanda ya mpira siku nzima na kuwapongeza kama watoto wa chekechea. Yeye alimwita Mtu wa Mipira, mbele yake na nyuma yake.

"Nieleze," alimwambia, bila salamu. "Mwendo wa kati anaomkimbizia bintiye, mdogo wangu aliuendesha miaka kumi juu ya baiskeli. Kila siku, saa nzima, jasho mpaka viatuni. Mbona yeye hakuvunjika?"

Mtu wa Mipira hakuonyesha kushangaa. Alisogeza kiti. "Kwenye baiskeli, dada, nani anabeba uzito wako?"

"Baiskeli."

"Na ukikimbia?"

Usipumue aliitazama miguu yake mwenyewe.

"Kila hatua mguu unapokea uzito wako mara mbili, mara tatu. Saa moja ina hatua kama elfu kumi. Moyo na mapafu havijui kama uko juu ya baiskeli au juu ya lami. Ukivichosha kiasi kile kile, vinakua kiasi kile kile. Mfupa ndio unaojua. Mwendesha baiskeli anaweza kukaa kwenye mwendo wa kati siku nyingi, kesho akaamka na miguu yake, ingawa hata wao wakizidisha wanadumaa. Mkimbiaji akikaa hapo kila siku analipa mara mbili. Kwanza hapumziki, kwa sababu ule si mwendo mwepesi. Pili haongezi kasi, kwa sababu siku ya kukimbia kwa nguvu kweli kweli anakuja amechoka. Ndiyo maana wakimbiaji wengi wazuri siku zao nyingi ni za polepole kabisa. Ugumu wanautunzia siku moja, mbili."

"Polepole kiasi gani?"

"Kiasi cha kusimulia jambo refu bila kukata pumzi."

Usipumue aliikunja ile karatasi ya daktari. Alisema "asante" kwa namna iliyomfanya Mtu wa Mipira ageuke kutazama kama kuna mtu mwingine mlangoni.

Alipotoka kazini saa kumi na moja, dude jeusi halikushika njia ya nyumbani. Lilikwenda moja kwa moja kwenye karakana ya seremala. Kocha alikuwa peke yake chumbani, anahesabu fulana za klabu.

"Umemvunja," Usipumue alisema akiwa bado ameshika baiskeli.

"Daktari amenieleza. Dada, ni bahati mbaya, watu..."

"Bahati mbaya ni kudondokewa na nazi. Hii umeiandika kwa wino mwekundu, ukaitundika ukutani, mara sita!" Aliingia, akakinyofoa kile kipande cha boksi, msumari ukaruka. "Ulishinda mbio nne miaka thelathini iliyopita, ukadhani Mungu amekushushia kitabu. Ulikuwa na saa moja na baiskeli, ukafanya ulichoweza. Sawa! Sasa hawa hawana baiskeli, bwana bingwa. Wana magoti. Hukuona tofauti? Baiskeli ina magurudumu, hata ng'ombe anaiona tofauti."

Kocha aliuma midomo. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, na aliikumbatia fulana kama mtoto aliyefumaniwa.

"Mimi sijui mifupa," alisema polepole. "Sikusoma. Najua mwendo na najua saa, basi. Lakini wewe, dada? Wewe unaangalia mifupa kwa mshahara. Mtoto anakuja kwako kila Jumapili, anachechemea machoni pako. Wewe ulikuwa wapi?"

Seremala upande wa pili alikuwa ameacha kupiga randa. Usipumue alisimama na boksi mkononi. 

"Nilikuwa nacheka," alisema mwishowe.

Akalilaza boksi juu ya meza, akatoka.

Wiki nne za kwanza Nyoya alishona sare akiwa ameuweka mguu juu ya kigoda. Ya tano, daktari akaruhusu baiskeli. Kocha alileta ile baiskeli yake nyembamba ya ushindi, akaifunga kwenye kibao cha chuma kibarazani kwa dada yake, gurudumu la nyuma likizunguka hewani huku limebanwa na kipande cha mpira. Nyoya akapanda. Mara nne kwa wiki, dakika hamsini, mwendo wa kati, dawa ile ile ya baba yake, ukali ule ule. Shangazi alikaa kando na saa ya ukutani mapajani, akimhesabia mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono.

Kila siku alimbonyeza ugoko kwa kidole gumba. "Hapa?" Hapaumi. "Hapa?" Hapaumi. Na mapigo, kwa kazi ile ile, wiki ya saba yalikuwa yameshuka kutoka mia na sitini na tano hadi mia na hamsini na sita.

"Umeona!" Kocha aliruka. "Umeona, dada? Mwendo wangu hauna kosa! Jasho hilo! Na mguu wala hau..."

Akaishia hapo. Alitazama miguu ya binti yake ikizunguka, haigusi chini, haigongi kitu. Akavuta kigoda, akakaa.

"Haugongi," alisema.

"Miaka kumi na mmoja," Usipumue alisema, "na mfupa wa mwanao. Wengine hujifunza kwa bei nafuu." Lakini alimsogezea glasi ya maji, na kwake yeye hayo yalikuwa machozi.

Boksi jipya lilipotundikwa stooni, siku nne ziliandikwa POLEPOLE, moja KALI, na moja imeachwa wazi kwa baiskeli au kulala. Nusu ya klabu ilihama ndani ya mwezi. Walisema Kocha amegeuka yaya, wakamfuata kocha mwingine wa upande wa pili wa mji, aliyewaahidi moto kila siku. Usipumue alipopata habari alisonya kwa muda mrefu mno. "Waende," alisema. "Chumba changu kiko wazi kuanzia saa mbili."

Tatizo likawa Nyoya. Hakujua kwenda polepole. Ukimwachia dakika tano, anapanda, hata mwenyewe hajui. Kocha alimpigia kelele, haikusaidia. Ndipo Mtu wa Mipira alipotoa ushauri: apewe mtu wa kuzungumza naye njia nzima, na ajibu kwa sentensi kamili. Akikata jibu, apunguze.

Hapo mtaa ukashuhudia kioja. Jioni, dude jeusi lilitambaa kando ya Nyoya, polepole kiasi cha kutaka kuanguka, na juu yake Usipumue akimwaga yaliyomjaa kifuani: mkuu wa stoo aliyenunua glovu za saizi moja kwa watu wote, tabibu anayejipulizia manukato mpaka wagonjwa wanapiga chafya kwenye picha. Kisha ghafla: "Wewe ungemfanya nini?"

"Ningemhamisha."

"Hiyo ni sentensi au kikohozi? Punguza!"

Na Nyoya akapunguza, akacheka, akaanza upya: "Ningemhamishia kwenye idara ambayo wagonjwa wake hawana pua, shangazi, ili..." Na wakaendelea hivyo saa nzima. Baada ya miezi miwili, mwendo ambao zamani ulimkata pumzi ulikuwa mwendo wa kusengenyea. Na siku ile moja ya KALI alikuwa anakuja na miguu mipya, anamwacha kila mtu.

Hakuwa amebadilika sana, huyu mama. Ofisini waliendelea kumwogopa. Ila jambo moja wauguzi waliliona: mtu akianza kusema "hapa pananiuma," Usipumue alifunga mdomo mpaka amalize. Ilimgharimu. Ungeuona msuli wa shavu ukicheza.

Mbio za mji za kilomita kumi zilikuja miezi minane baada ya ile picha. Kocha alisimama kwenye kona ya mwisho, saa mkononi. Usipumue alisimama karibu na utepe wa kumalizia, katikati ya watu waliokuwa wakipiga vuvuzela, akiwatazama kana kwamba kila mmoja amemkanyaga. Nyoya alitokea wa tano. Mita mia mbili za mwisho alimpita mmoja wa wale waliohama klabu, mwanadada mwenye mdomo wazi na mabega yamepanda masikioni. Wa nne. Dakika thelathini na saba na sekunde arobaini.

Alijikunja, mikono magotini, kisha akamwona shangazi yake akimjia. Usipumue alipiga goti pale pale kwenye lami, mbele za watu, akambonyeza ugoko kwa kidole gumba.

"Hapa?"

"Hapaumi."

"Hapa?"

"Hapaumi, shangazi. Niambie basi. Nimekimbiaje?"

Usipumue aliinuka, akajipangusa gauni. Pembeni yao bwana mmoja wa makamo mwenye saa kubwa alikuwa anajigamba kwa sauti kwamba yeye hufanya mazoezi mpaka atapike, kila siku ya Mungu. Usipumue alimtazama kuanzia kichwani hadi viatuni, akasonya, kisha akamgeukia mtoto wa mdogo wake.

"Umekimbia kama mtu anayejua anakokwenda," alisema. "Vaa sweta, utapata baridi."